Bunduki mpya ina mkwaruzo? Weka msasa chini kwanza

Leo nawalenga nyie wa Mkwajuni, Galula, Saza mpaka Tunduma ambao nyumbani kuna mzee anayemiliki bunduki kihalali ya kulinda mifugo au shamba. Mnajijua. Nyie ndio mnaopewa mia tano ya kafe na kuambiwa "kaangalie kwenye mtandao wanasemaje kuhusu kutu." Mimi nilitumwa hivyo hivyo mwaka 2014, na nusura nirudi na majibu ya kumfunga mtu.

Ba'mdogo wangu anakaa Mbangala. Enzi hizo tulikuwa bado Chunya, mkoa wa Mbeya, Songwe imekuja kuwa mkoa 2016. Alihangaikia kibali muda mrefu, akauza ng'ombe, akaenda mjini kununua shotigani ya mtutu mmoja. Dukani alioneshwa chini ya taa ikiwa imejaa grisi ya kiwandani, akasaini, akapewa risiti yenye yale maneno yetu maarufu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kufika nyumbani akaifuta grisi, akaitoa juani. Lahaula! Upande wa kulia wa mtutu kuna mkwaruzo mrefu kama kidole. Kitako cha mbao kina doa. Halafu karibu na chemba, pale risasi inapokaa, kuna mstari wa vinukta vyeupe kama mtu kagongagonga na msumari.

"Mwanangu, wamenipiga. Wameniuzia ya mtu," akaniambia. Mzee wa watu hakula mchana ule.

Ushauri ukaanza kumiminika. Jirani akasema kutu ni ndimu na majivu tu. Fundi pikipiki akasema lete nipige msasa wote, halafu nipulize rangi nyeusi, itakuwa mpya kuliko walivyokuuzia. Ba'mdogo akamkubali huyu wa pili, na aliyetakiwa kuipeleka kwa bodaboda ni mimi. Nikamwambia shikamoo ba'mdogo, lakini hilo hapana. Leseni ina jina lako, mimi nikikutwa njiani nimebeba hiyo kitu tunaingia ndani wote wawili. Akanuna, ila akaelewa.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa hapo kijijini, mstaafu wa ulinzi wa wanyamapori. Akamwambia ba'mdogo afungue, ahakikishe haina kitu ndani, aishike yeye mwenyewe. Akavaa miwani, akainama kwenye vile vinukta. Akacheka! Kumbe vinasomeka: herufi TZ na namba. Akasema mkwaruzo nitakufundisha, doa la mbao halina shida, lakini hapa kwenye vinukta ukipitisha msasa umejitengenezea kesi.

Sasa tuelewane hapa, maana ndipo watu wanapoumia. Bunduki ikitoka kiwandani inakuwa na alama zake, ya mtengenezaji, namba yake ya pekee, na zile nyingi za Ulaya zina pia vialama vidogo, taji au herufi mbili tatu, vinavyoonesha kuwa mtutu ulijaribiwa kwa baruti yenye nguvu kuliko risasi ya kawaida na haukupasuka. Birmingham kule Uingereza wana nyumba maalum ya kujaribu mitutu tangu 1813. Juu ya hizo kuna alama ya nchi iliyoiingiza. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inataka silaha ikiingizwa nchini igongwe alama ya nchi na mwaka. Alama hii inagongwa bunduki ikiwa imeshamaliza kupakwa rangi, ndiyo maana chuma cheupe kinachungulia na mtu anadhani ni mchubuko. Itifaki hiyo hiyo inazitaka nchi zifanye kosa la jinai kufuta au kubadilisha alama. Polisi wakiona namba imekwanguliwa hawaulizi kama ulikuwa unapendezesha. Wanajua wanaokwangua namba ni majambazi.

Kwa hiyo kabla ya yote chukua leseni, linganisha namba moja moja na iliyoko kwenye chuma. Kama haziendani usisugue, usisubiri, rudi polisi na karatasi zako zote.

Na mkwaruzo wenyewe? Ile rangi ya bluu-nyeusi ya mtutu si rangi ya kupaka kama ya baiskeli. Ni ngozi nyembamba ya chuma chenyewe, kimechemshwa kwenye dawa mpaka juu kikageuka oksaidi nyeusi inayoshika mafuta. Ukipiga msasa unaondoa yote na kubaki na chuma kitupu, na kwa joto na unyevu wa bonde letu la Rukwa wakati wa mvua, kutu haichukui hata siku mbili. Ndimu ndiyo mbaya zaidi, asidi yake inaila ngozi hiyo ukiwa unaangalia. Ile waya ya kusugulia masufuria nayo sahau. Na kuchomelea hata usiwaze, moto unalegeza chuma cha mtutu halafu siku unafyatua unapasuka mbele ya uso wako.

Tulichofanya ni kitu cha kawaida sana. Kitambaa laini cha pamba, mafuta mepesi ya mashine, tukaloanisha penye kutu, tukaacha usiku kucha, asubuhi ba'mdogo akafuta taratibu. Nusu ya "mkwaruzo" ikaondoka na kitambaa, kumbe ilikuwa grisi iliyokauka na kutu changa. Uliobaki ni mstari mwembamba. Ipo dawa ya baridi ya kuurudishia weusi, lakini hiyo ni kazi ya fundi silaha mwenye leseni, sio ya fundi pikipiki hata awe rafiki yako vipi. Vile vinukta tulivipaka mafuta tu, maana chuma chake kiko wazi na ndiyo sehemu ya kwanza kushika kutu. Doa la mbao lilikuwa rangi ya mti wenyewe.

Kuna dosari ambazo si za sura, hizo usizichukulie poa. Fungua bunduki ikiwa tupu, chungulia ndani ya mtutu ukiuelekeza kwenye mwanga. Ukiona kivuli kama pete, mtutu umebonyea au umevimba. Angalia shingo ya kitako inapoungana na chuma, kama mbao ina ufa. Ikifungwa, itikise, isicheze. Ukikuta kimojawapo usifyatue hata risasi moja, irudishe ilikotoka.

Ba'mdogo alirudi dukani, mwenyewe na bunduki yake na leseni. Wakamwonesha yale maandishi ya risiti. Mimi nilikuwa nimeenda naye, nikaanza kubishana, lakini ukweli ni kwamba Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa ina sehemu inayombana mnunuzi: kama uliikagua bidhaa, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionesha. Na yeye alishaishika akasaini. Grisi ile angeomba ifutwe kabla ya kutoa hela, na angesogea nayo mlangoni kwenye mwanga. Halafu bunduki si simu. Namba ikishaandikwa kwenye leseni, kubadilishiwa nyingine maana yake ni kurudi polisi kuanza upya. Mwisho wakampa chupa ya mafuta na brashi, akakubali kwa shingo upande.

Mwaka 2016 ukaja ule uhakiki wa silaha wa nchi nzima. Tulipanga foleni. Askari akaangalia namba, akaangalia leseni, akaandika, haikuchukua dakika kumi. Mbele yetu alikuwepo baba mmoja, bunduki yake inang'aa nyeusi utadhani jana, imepulizwa rangi vizuri kabisa. Askari akaigeuza, akakwaruza rangi na ukucha, akaomba tochi. Baba akawa anaeleza kwamba ni fundi tu, alitaka ipendeze. Wakamwambia akae kwenye benchi kwanza. Sisi tunaondoka bado alikuwa amekaa, na bunduki imeshapelekwa ndani.

Ba'mdogo hakusema kitu mpaka tunafika kwenye gari. Akaniomba kile kitambaa cha mafuta.