Mbegu peke yake haitoshi Masako

Ukitoka Kisangani kwa barabara ya zamani ya Buta, baada ya kilomita 15 hivi unafika Masako. Watu wa huko wanaishi kwa shamba na msitu: mihogo, ndizi, makala ya kuuza mjini. Mradi wa maendeleo ukifika sehemu kama hiyo huanza na mbegu, jembe na kisima. Ni vema. Lakini mbegu inamhitaji mtu anayeamka asubuhi akiwa na nguvu ya kuipanda. Mama aliyelemewa na huzuni ya muda mrefu halali usiku, hana hamu ya kula, haendi tena kwenye kikao cha ushirika. Majirani wanasema ni mvivu.

Sababu za huzuni tunazijua. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, ya Kisangani yakiwemo. Fedha zinaweza kujenga nyumba. Mzazi anayeshtuka kila radi inapopiga anahitaji kitu kingine pia. Na tangu 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeleta wakimbizi wengine mjini.

Msaada upo, na si lazima utoke mbali. Katika Kivu, utafiti uliochapishwa 2013 uliwafuata wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Wengine walikutana kwa vikundi mara 11, wakijifunza kuyapima mawazo yanayowatesa, kama lile la «kosa ni langu». Walioongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa hapo hapo, waliofundishwa na kusimamiwa. Miezi sita baadaye, wenye dalili za huzuni kubwa au hofu walikuwa 9 kwa 100. Kwa waliosaidiwa mmoja mmoja tu, 42 kwa 100.

Sisi makanisani tuna mabenchi na tuna akina mama wanaoaminiwa. Tuna kosa letu pia: kumwambia mgonjwa kwamba imani yake ni ndogo. Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), alipewa kwanza usingizi na mkate.

Kikundi kinaweza kuanza na watu wanane, baada ya maombi ya katikati ya juma, kikiwa na kiongozi aliyefundishwa na sharti moja: yanayosemwa pale hayatoki. Anayesikia sauti, au anayetaka kujiua, asisubiri kikao. Asiachwe peke yake, asindikizwe siku hiyo hiyo hadi kituo cha afya.