Gia ikiteleza, usikimbilie kununua giaboksi nyingine

Umechukua gari kwa mkopo ili ufanye kazi ya teksi ya mtandaoni. Asubuhi moja unaweka D, gari linakaa kana kwamba halijasikia, kisha linaruka mbele kwa kishindo. Unampelekea fundi. Kabla hata ya kufungua boneti, anakwambia: "Boss, giaboksi imeisha hiyo. Tafuta nyingine Grogan."

Tulia kwanza. Huenda kweli imeisha, lakini pia huenda shida ni oili tu.

Giaboksi ya otomatiki hutegemea presha ya oili. Pampu hufyonza oili kupitia chujio, kisha valvu na solenoidi huielekeza kwenye klachi zinazoshika gia. Presha ikishuka, klachi hazishiki vizuri. Injini inanguruma weee, lakini gari halisongi.

Anza na oili yenyewe. Magari mengi yenye kijiti hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma, mahali tambarare, gia ikiwa P au N. Mengine hupimwa injini ikiwa imezimwa, na mengine hayana kijiti kabisa, kwa hivyo soma kitabu cha gari lako. Oili ikipungua, pampu hufyonza hewa na presha huyumba. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimeanza kulika. Ikigeuka kama maziwa, maji yameingia, pengine kutoka kwa rejeta. Zima gari, usiliendeshe tena. Na kama gari ni la CVT, usithubutu kuongeza oili ya kawaida ya otomatiki. Oili zake ni tofauti.

Kisha angalia shida inatokea wapi na lini. Kama gia zote zinateleza, shuku pampu, chujio au valvu inayodhibiti presha. Kama ni gia moja tu, shuku solenoidi, au sili ya klachi ya gia hiyo. Kama gari huanza safari vizuri kisha likachoka njiani, huenda chujio limeziba, au oili ikipata moto inavujia ndani kwenye sili zilizochakaa.

Mashine ya kusoma kodi itasaidia, ila isikuchanganye. P0700 inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi imeona kasoro. P0868 inasema presha ya oili iko chini, lakini haisemi kwa nini. Kwa hilo, fundi anafaa kufunga geji ya presha na kulinganisha na vipimo vya waliounda gari. Presha ikiwa sawa na bado gia inateleza, basi huenda klachi zenyewe ndizo zimelika, na hapo unaweza kuanza kuzungumzia giaboksi.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa, muulize swali moja tu: "Fundi, presha umepima ikawa ngapi?" Akianza kujiumauma, jua anabahatisha, na anabahatisha na pesa zako.