Vitabu vya Kusikiliza Vifike Shambani

Siku hizi kitabu hakisomwi kwa macho peke yake. Vitabu vingi duniani husomwa kwa sauti, sauti hiyo ikanaswa na kuhifadhiwa, na msikilizaji akaifungua katika simu yake awapo safarini au jikoni. Miongoni mwavyo vimo vitabu vinavyohusu chakula, lishe na siasa ya kilimo. Kimojawapo ni The Omnivore's Dilemma, alichokitoa Mmarekani Michael Pollan mwaka 2006. Kitabu hicho kinaifuata punje ya mahindi kutoka mashamba ya Iowa hadi mezani kwa mlaji, na kuonyesha jinsi sera za serikali zinavyoamua watu wale nini.

Elimu ya namna hiyo tunaikaribisha kwa mikono miwili. Hata hivyo, vitabu hivyo vilivyo vingi vimesomwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya masikio ya Marekani na Ulaya. Mkulima wetu, ambaye jembe lake ndilo linalolisha miji, hana sehemu katika mazungumzo hayo.

Jambo hili si geni kwetu. Mwezi Mei 1972 TANU ilikutana Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Mwaka 1973 ikaendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kisha, baada ya ukame na upungufu wa chakula wa 1973 na 1974, ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai mwaka 1975. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitayarisha vitabu, Radio Tanzania ikatangaza vipindi, na wananchi wakakusanyika katika vikundi. Walisikiliza kwanza, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Katika Mtu ni Afya maamuzi hayo yalizaa vyoo vilivyochimbwa kwa malaki. Asiyejua kusoma hakuachwa nyuma, kwa kuwa sikio halihitaji cheti.

Haja ya elimu hiyo bado ipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa. Katika Mkoa wa Iringa, ule ule ulikotolewa tamko la Siasa ni Kilimo, na ambao ni miongoni mwa mikoa inayoijazia nchi maghala, udumavu ulikuwa asilimia 57. Njombe na Rukwa, mikoa mingine ya mahindi, ilikaribia nusu ya watoto wake.

Yatupasa kulitafakari jambo hili. Ghala limejaa na mtoto amedumaa! Maana yake ni kwamba kushiba si kulishwa vyema. Uji wa mahindi matupu humtia mtoto nguvu, lakini haumpi vya kutosha vya kujengea mwili. Anahitaji pia maharage, mboga, matunda, maziwa, mayai au dagaa, tena tangu atimizapo miezi 6. Mama naye, ashindaye shambani tangu alfajiri, hawezi kumlisha mwanawe mara kwa mara iwapo kazi zote za nyumbani zimeachwa mgongoni mwake.

Tena, lishe haiachani na siasa. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, mlaji wa mjini alipata nafuu, na mkulima akayaona mazao yake yakishuka bei. Huenda hatua kama hiyo ina sababu zake, lakini mkulima ana haki ya kuzielewa na kuzijadili kabla hajaandikiwa hasara. Pasipo maarifa, atabaki kulalamika chini ya mwembe.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, Taasisi ya Chakula na Lishe, wachapishaji na vituo vya redio vya mikoa washirikiane kutoa vitabu vya kusikiliza kwa Kiswahili fasaha, vyenye kueleza lishe, bei, mbegu na bajeti ya kilimo. Pili, visikilizwe kwa vikundi kama zamani, na akina baba wawemo, maana mfuko wa nyumba mara nyingi u mikononi mwao. Tatu, viongozi nao wasikilize, kisha wawasikilize wakulima. Mwaka 2003, huko Maputo, nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa ajili ya kilimo. Mwananchi aijuaye ahadi hiyo ataweza kuidai.

Wahenga walinena kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Wala kitabu kinachosikilizwa na kusahauliwa hakimnyanyui mtoto. Kila kikundi kisikilizacho kiondoke na azimio moja la kutenda kabla ya mkutano ufuatao: bustani ya mboga, kuku wa mayai, au swali moja la bajeti kwa diwani.