Nyumba Lipangalala, dungu bondeni: ipi inakula pesa?

Mvua zikishalowesha udongo wa Bonde la Kilombero, alfajiri za Lipangalala huwa na mlio wake: kufuli linabanwa. La kwetu lilikuwa la rangi ya dhahabu iliyochujuka, na funguo mbili. Mmoja mama aliuvaa shingoni kwa uzi wa nailoni, wa pili aliachiwa mpangaji wa chumba cha uani. Nje baiskeli ilikuwa imesheheni. Godoro la sponji limekunjwa na kukazwa kwa mpira wa tairi, juu yake sufuria tatu zimepandishana, ndoo, majembe mawili, redio, chandarua ndani ya mfuko wa salfeti, na ubavuni tenga lenye mitetea wawili na jogoo. Jirani aliyepita hakuuliza tunahamia wapi. Alisema tu, "Haya mama, tutaonana mpunga ukiiva."

Nimeikumbuka baiskeli ile kila niliposikia mjadala wa watu wa Ulaya na Marekani wanaopima kama ni nafuu kuwa na nyumba ya kudumu au kuishi ndani ya gari lenye kitanda, jiko na choo. Wanaorodhesha mafuta, matairi, bima na maegesho upande mmoja. Mkopo wa benki, kodi na ukarabati upande wa pili. Ukiwasikiliza utadhani hesabu hiyo imeanza kwao. Lipangalala tumeipiga miaka mingi, ila hatukuwahi kuiandika.

Lipangalala ni kata ya mji wa Ifakara, mkoani Morogoro. Familia nyingi hapa zina nyumba mjini na shamba la mpunga mbali, bondeni au ng'ambo ya mto, pande za Minepa na Lupiro wilayani Ulanga. Shamba la namna hiyo huwezi kulilima kwa kwenda na kurudi. Kuna kupanda, kuna palizi, na mpunga ukianza kubeba maziwa kuna kuamia: kukaa tangu mapambazuko hadi jua kuzama ukifukuza ndege, kwa sababu kundi la kwelea kwelea likitua asubuhi moja, jioni unabaki na mabua. Baada ya hapo kuna kuvuna, kupura na kulinda magunia. Kwa hiyo watu huhama, wengine kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi.

Makazi ya huko ni dungu. Unachimbia nguzo nne zenye panda, unapitisha fito, unatandaza sakafu ya fito juu kiasi cha kifua cha mtu mzima, unaezeka nyasi na kuweka ngazi ya vipande vitatu. Zamani vilifungwa kwa kamba za magome, siku hizi ni kamba za manila, na juu ya nyasi huongezwa turubai. Chini moto unafuka moshi wa kuwasumbua mbu na kukausha kambale. Ukilala juu unasikia maji yakipita kwenye majaruba, na fito zinakuchora mgongo hata kama una godoro.

Wazee husimulia kuwa zamani mtu hakuwa na haja ya nyumba mbili. Alijenga palepale alipolima. Mambo yalibadilika miaka ya 1970. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na Operesheni Vijiji iliyofuata ikawahamisha watu kutoka mashambani kwenda kukaa pamoja kandokando ya barabara, na katika bonde hili kandokando ya reli ya TAZARA pia, iliyokuwa ikijengwa wakati huohuo. Shule na zahanati vilisogea karibu na watu, shamba likabaki kulekule. Umbali uliozaliwa hapo lazima ulipiwe na mtu kila msimu, na malipo yake ndiyo dungu.

Sasa tufungue daftari, tuanze na nyumba.

Nyumba ya mkulima wa Ifakara haijengwi kwa mkupuo, hujengwa kwa misimu. Mpunga wa mwaka huu unanunua kiwanja. Wa mwakani unafyatua matofali, na tanuri lenyewe linachomwa kwa pumba zilizobaki mashineni baada ya kukoboa. Msimu wa tatu unatoa msingi na jamvi, wa nne unafikisha ukuta kwenye linta. Kisha boma linasimama bila paa, majani yanaota sebuleni, na kila apitaye anajua mwaka ule mpunga ulikosa bei. Kupaua huja siku ambayo bati na mbao vimepatana na magunia.

Ukishahamia, matumizi hayakomi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kiasi si kikubwa, lakini kina tabia ambayo mtu wa dungu anaijua vizuri. Ukikaa shamba miezi mitano bila kununua umeme, deni linakungoja kwenye mita. Siku unarudi, ni mwezi wa sita, unanunua umeme wa shilingi 10,000. Kodi inakata 9,000 na taa unaambulia za 1,000. Jirani wa uani atakucheka, kisha atakuazima chaji ya simu.

Mpangaji ana maumivu yake. Tuchukue mfano, kila mtu abadilishe bei kulingana na mtaa wake. Vyumba viwili kwa shilingi 40,000 kwa mwezi ni 480,000 kwa mwaka, na wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi. Katika mwaka huo mpangaji amelala dunguni miezi mitano. Maana yake amelipa 200,000 ili panya wakae kwa raha. Mwenye nyumba yake akiondoka hapotezi kitu hicho, na akiwa na chumba cha uani cha kupangisha hupata faida mbili, kodi na mlinzi. Ndiyo maana mama alimwachia mpangaji ule ufunguo wa pili.

Upande wa dungu daftari linaonekana jepesi mno. Nguzo na fito hukatwa porini, nyasi zipo, fundi ni baba na mjomba, siku mbili au tatu limesimama. Halina mita, halina kodi, halidai rangi. Ukimuuliza mkulima limemgharimu shilingi ngapi, atakuambia ni bure. Hapo ndipo tunapojidanganya.

Kwanza, dungu hujengwa upya karibu kila msimu, maana mchwa, mvua na moto wa kiangazi havimngojei mwenyewe. Shamba likiwa la kukodi, hata nguzo nzuri unazoziacha ni mali ya mwenye ardhi, na mwakani anaweza kumkodishia mwingine. Zaidi ya hapo, dungu halina hati. Mpango wa serikali wa kupima ardhi za vijiji uliopita Kilombero, Ulanga na Malinyi uliwapa wengi hatimiliki za kimila za mashamba, lakini karatasi ile inahesabu udongo tu. Huwezi kupeleka fito benki kuombea mkopo.

Gharama nyingine hazina bei. Mwaka niliokuwa darasa la tano, dada yangu aliachwa nyumbani atupikie sisi wanafunzi, naye alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Mdogo wetu, aliyekuwa hajaanza shule, alikwenda shamba. Mimi nilibaki Lipangalala nikila kwa kipimo, kwa sababu unga ulitakiwa ufike Jumamosi, siku ambayo baba alikuja na baiskeli kuleta mwingine. Siku mto ulipojaa na Jumamosi ikapita bila baba, tulikula maembe. Kwenye daftari la dungu siku ile haimo, wala haimo miaka ambayo dada aliikosa shule.

Na vipi homa? Kwa muda mrefu niliamini dunguni ndiko kwenye mbu, nyumbani kuna usalama. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoota kutokana na maabara ndogo ya Waswisi ya miaka ya 1950, waliipima imani hiyo katika vijiji vinne vya Ulanga. Walikamata mbu katika vibanda 20 vya mashambani na nyumba 20 za kijijini, na matokeo yao, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha kuwa idadi ya mbu ilikaribiana. Nyumba ya matofali yenye uwazi kati ya ukuta na paa, na madirisha yasiyo na wavu, haimzuii mbu zaidi ya nyasi zinavyomzuia. Tofauti kubwa iko kwenye safari ya kwenda kutibiwa: kutoka Lipangalala unampeleka mtoto Hospitali ya Mtakatifu Fransisko kwa bodaboda, kutoka dunguni unaanza kwa kutafuta nani ana baiskeli.

Watafiti haohao hawakuishia kuhesabu mbu. Walibuni kibanda kidogo cha kuhamishika, kilichozibwa ili mbu asipenye, cha kukunjwa msimu ukiisha na kusimamishwa tena mwakani. Niliposoma habari za kibanda hicho nilicheka peke yangu. Bonde letu lilikuwa limepata nyumba ya safari iliyobuniwa kwa ajili yake, bila injini.

Tusiisahau njia. Kabla ya Daraja la Magufuli, lenye mita 384, kuzinduliwa Mei 2018, kuhamia ng'ambo kulimaanisha kungoja kivuko, na mto ukijaa unangoja zaidi. Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Leo baiskeli iliyosheheni inapita juu ya Mto Kilombero bila kumlipa mtu, na bodaboda huenda shamba asubuhi na kurudi usiku. Wapo vijana ambao kwa sababu ya daraja wameacha kabisa kulala dunguni; hulipa mafuta badala ya fito. Wamehamisha gharama kutoka safu moja ya daftari kwenda nyingine, na wengi wao hawajajumlisha bado.

Na nyumba yenyewe ni ya kudumu kwa kiasi gani? Mvua kubwa za msimu wa 2023/2024 ziliujaza Mto Lumemo, maji yakaingia mitaani Ifakara. Tofali lililochomwa vizuri huvumilia. Tofali bichi lililopigwa lipu ya udongo hulainika kwa chini, ukuta unapiga magoti, na misimu sita ya mpunga inalala kwenye tope usiku mmoja. Dungu lina miguu kwa sababu waliolibuni walijua bonde hili ni la maji. Kwenye Orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, ambamo bonde letu liliingizwa mwaka 2002, limeandikiwa karibu kilomita za mraba 8,000. Viwanja vyetu vingine vinapakana na sehemu ambazo mto hauzihesabu kuwa zetu.

Mwandishi wa Marekani, Jessica Bruder, alitoa mwaka 2017 kitabu kiitwacho Nomadland, kuhusu watu, wengi wao wazee, wanaoishi ndani ya magari baada ya kushindwa kumudu nyumba. Huzunguka kwa misimu: mwezi huu kuvuna viazisukari, mwezi ujao kupanga mizigo kwenye maghala. Wako karibu sana na mkulima wa Kilombero, kwa sababu nao hufuata mavuno na hulala palipo na kazi. Kinachowatenganisha ni mahali pa kurudi. Wengi wao walianza kuhama nyumba ilipowashinda, na gari hupungua thamani kila kilomita inayotembea. Mkulima wetu huhama ili nyumba isimame, na kiwanja alichonunua kwa magunia kinapanda bei yeye akiwa bondeni anaamia ndege.

Kwa hiyo swali la ipi nafuu lina kasoro tangu mwanzo, kwa sababu linazitenga nyumba zinazolishana. Dungu ni rahisi kwa kuwa kuna nyumba iliyobaki nyuma inayowalaza wanafunzi, inayotunza mbegu, inayopokea barua za mtaa na wageni wa msiba. Mtu asiye na nyumba hiyo, ambaye dungu ndiyo anwani yake pekee, huliona ghali kuliko sote. Nayo nyumba inawezekana kwa sababu kuna miezi ambayo watu wake wamekubali kulala juu ya fito. Anayetaka kupima kwa haki aandike madaftari yote mawili kwenye karatasi moja, na aweke safu ya watoto.

Mama aliiandika safu hiyo bila kalamu. Mdogo wetu alipofikia umri wa kuanza darasa la kwanza, alipunguza shamba kutoka ekari nne hadi mbili, akalima karibu zaidi, mahali ambapo baba angeweza kwenda na kurudi siku zisizo za kuamia. Mavuno yalipungua nusu na kupaua kukachelewa miaka miwili. Boma letu likaota majani, wapitao wakasema mpunga umetukosesha bei. Mama hakuwasahihisha. Alikuwa ndani ya chumba kimoja, turubai la dunguni likiwa dari yetu, akimkagua mdogo wetu daftari la hesabu.