Fasihi ya Afrika Kusini Wakati wa Ubaguzi wa Rangi: Silaha au Sanaa?

Utangulizi

Fasihi ni zao la jamii. Nchini Afrika Kusini, tangu mwaka wa 1948 chama cha National kiliposhika hatamu hadi uchaguzi wa watu wote wa 1994, zao hilo lilikua huku dola ikijaribu kuling'oa. Makala haya yanaeleza jinsi fasihi ya kipindi hicho ilivyochangia ukombozi, na kwa nini mwanafunzi anayeisoma hana budi kuchunguza fani sawia na maudhui.

Sheria na Kalamu

Utawala wa makaburu ulitambua mapema nguvu ya neno. Sheria ya Kukandamiza Ukomunisti ya 1950 iliiwezesha serikali kuwapiga watu marufuku, nayo sheria ya machapisho ya 1963 ikaunda bodi ya udhibiti. Kwa upande wake, Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953 ilikusudia kumlea Mwafrika awe mtumwa wa kazi duni. Es'kia Mphahlele aliyeipinga elimu hiyo alifutwa ualimu. Akaihama nchi mwaka wa 1957, na kuanzia 1963 akaongoza kituo cha sanaa cha Chemchemi jijini Nairobi. Mnamo 1966, yeye, Lewis Nkosi, Bloke Modisane na wengine waliokuwa uhamishoni walipigwa marufuku, hata maneno yao yasiweze kunukuliwa nchini mwao.

Marufuku Yalivyounda Fani

Ni kosa kudhani kwamba udhibiti uliathiri maudhui pekee. Hadithi fupi ilishamiri katika jarida la Drum, lililoanzishwa mwaka wa 1951, kwa sababu mwandishi aliyeishi katika msongamano wa mitaa ya Waafrika, akihofia kuhamishwa kwa nguvu kama walivyohamishwa wakazi wa Sophiatown kuanzia 1955, hakuwa na utulivu wa kutunga riwaya ndefu.

Mfano wa Dennis Brutus ni bayana zaidi. Baada ya kutumikia kifungo katika kisiwa cha Robben, alikatazwa kuandika chochote cha kuchapishwa. Akatunga mashairi kwa umbo la barua alizomwandikia shemeji yake. Yakachapishwa ng'ambo mwaka wa 1968 kama Letters to Martha. Hapa barua si pambo la kifani. Ni mlango wa nyuma alioutumia mshairi baada ya ule wa mbele kufungwa.

Tamthilia nayo ilipata njia yake. Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walibuni Sizwe Bansi is Dead (1972) kwa pamoja wakiwa mazoezini. Neno linalozaliwa jukwaani ni gumu kunaswa kuliko kitabu. Katika mchezo huo, mtu asiye na kibali cha kuishi mjini anatwaa kipande cha marehemu na kulizika jina lake mwenyewe ili apate kazi. Mtazamaji anacheka, kisha anatambua kwamba anachochekea ni sheria inayothamini karatasi kuliko binadamu.

Mjadala wa Wahakiki

Baada ya maasi ya wanafunzi wa Soweto, Juni 16, 1976, yaliyochochewa na kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, ushairi ulitamkwa mikutanoni na mazishini, na jarida la Staffrider likaanzishwa mwaka wa 1978 kuwapa watunzi wa mitaani jukwaa. Hata hivyo, swali lilizuka: je, kila kilio ni sanaa? Njabulo Ndebele, katika insha zake za miaka ya 1980, alilalamika kwamba waandishi walizoea kuonyesha ukatili wa kutisha na kusahau maisha ya kawaida ambamo mtu hufikiri, hupenda na huamua. Mwaka wa 1989, Albie Sachs, mwanasheria aliyepoteza mkono kwa bomu jijini Maputo mwaka uliotangulia, aliwashauri wenzake katika chama cha ANC waache kwa muda kusema kwamba utamaduni ni silaha ya mapambano.

Ushauri huo haukupuuza mapambano. Hoja ilikuwa kwamba fasihi inayomwonyesha mdhulumiwa kama jeraha tu huishia kumwona kwa jicho lile lile la mdhalimu. Riwaya ya Miriam Tlali, Muriel at Metropolitan (1975), ni kielelezo kizuri: mandhari yake ni duka la kuuza bidhaa kwa mkopo, ambamo karani mwenye akili pevu anapima kila siku gharama ya kuendelea na kazi yake. Pamoja na utulivu huo, wadhibiti waliipiga marufuku.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba silaha na sanaa si mahasimu. Kazi za kipindi hiki zingali zinasomwa, ingawa sheria zilizozikandamiza zimefutwa, kwa kuwa zilihifadhi utu wa watu ambao dola iliwahesabu kama nguvukazi. Mwanafunzi azisomapo, asiishie kuorodhesha dhuluma. Aulize pia: mtunzi alikatazwa nini, na alipitia wapi ili asikike?