Nyumba ya Urithi Kamembe
Askari aliye kambini, mbali na Kamembe wilayani Rusizi (zamani Cyangugu), hutuma mshahara hadi nyumba ya marehemu baba ikabomolewa, ikainuka ya ghorofa. Ugomvi huja siku ya kugawana: mjenzi hudai yote, naye dada aliyeolewa huambiwa hana fungu.

Hilo la dada lilikwisha. Sheria ya Rwanda ya mwaka 1999 ilimpa binti urithi sawa na mwana. Hati ya ardhi nayo huandikwa majina ya ndugu wote, kila mmoja kwa asilimia yake.

Gumu ni gharama za mjenzi. Heri ndugu wapatane na kutia sahihi kabla tofali la kwanza halijawekwa. Baada ya miaka kumi, stakabadhi za saruji zimekwisha kuliwa na mchwa.