Huna oveni? Mboga zichome kwa jiko

Niliacha chuo karo ilipokwama. Chumba changu hapa Migosi kina jiko la makaa tu. Oveni naiona kwa simu. Lakini mboga nachoma, na wewe unaweza.

Jumapili pitia Kibuye: karoti, boga, biringanya, hoho, kitunguu. Karoti ikate vipande vidogo, huchelewa kuiva. Paka mafuta na chumvi, tandaza kwa sufuria; ukizirundika zitachemka kwa maji yake. Tupia kijitawi cha rozimeri, funika, weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Dania ngoja uepue kwanza, moto humaliza harufu yake.

Na jiko liwe nje, buda. Hewa ya makaa kwa chumba kilichofungwa huua mtu kimyakimya.